Sandwichi ya Kima Si Msiba wa Ukoo

Katika ukoo wetu, chakula cha usiku wa kuamkia Ijumaa huliwa nyumbani kwa bibi, mtaa wa Ruwais, mjini Jeddah. Desturi hiyo nimeikuta, na nilidhani nitaiacha kama nilivyoikuta. Kumbe ilibaki kidogo ivunjike, na kilichotaka kuivunja ni sandwichi.

Usiku mmoja mke wa binamu yangu alifika akitoka kazini moja kwa moja. Hakupata wasaa wa kupika wali wala wa kukanda unga. Alichukua mikate ya samuli, akaijaza nyama ya kima na jibini, akaitia katika oveni ya bibi, na kabla ya adhana ya Isha chakula kikawa tayari. Watoto walishangilia. Shangazi yetu mmoja aliitazama ile trei, kisha akasema kwa Kiswahili, ili watoto wasifahamu: "Hiki si chakula cha watu wa kwetu." Watoto hawakufahamu. Mama yao alifahamu, akanyamaza. Alhamisi mbili zilizofuata hakuja, wala watoto wake hawakuja, na bibi alikaa mbele ya sinia akiuliza wako wapi.

Naandika haya kumtetea yule mwanamke, bila ya kumvunjia heshima shangazi, ambaye ni mkubwa wangu na ambaye mikono yake imenilisha.

Kwanza tukitazame chakula chenyewe. Hapa Hijazi kuna mutabbaq, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichokunjwa: unga hutandazwa mwembamba kama kitambaa, ukatiwa nyama ya kusaga, mayai na majani ya kitunguu, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma kipana. Chakula hicho hicho tunakikuta katika pwani walikotoka wazee wetu. Mombasa hukiita mkate mayai. Unguja hukiita mantabali, na kwa sikio langu jina hilo ni mutabbaq lililozoea ulimi wa Kiswahili. Kinapikwa Yemen, na kinajulikana mpaka Malaysia na Indonesia. Kimepita njia za majahazi na za mahujaji, njia zile zile walizopita babu zetu, na hakuna ukoo unaoweza kudai kuwa ni wake peke yake.

Kisha nenda Forodhani, Unguja, baada ya Magharibi, katika bustani ile iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo. Utawakuta wapishi wakiuza wanachokiita pizza ya Zanzibar: unga mwembamba, kima, kitunguu, yai, na ndani yake mayonezi na kipande cha jibini laini. Hayo ni mantabali yaliyoongezewa jibini. Nasi tukienda ziara twapanga foleni pale, tukarudi Jeddah tukisema tumekula cha nyumbani. Vipi jibini ya Forodhani iwe urithi, na jibini ya Ruwais iwe aibu?

Nilimuuliza mke wa binamu yangu alivyopika. Alikaanga nusu kilo ya kima bila ya mafuta mpaka maji yake yakauke, kwa sababu nyama yenye maji huurowesha mkate. Ndipo akatia kitunguu maji, kitunguu thomu, bizari nyembamba, pilipili manga na nyanya moja; mwisho kotmiri na ndimu. Jibini aliiweka juu dakika chache tu kabla ya kuitoa trei, maana ikikaa sana motoni hutoa mafuta na kuwa ngumu. Katika mantabali, yai ndilo linaloishikanisha nyama. Kwake jibini imeishika kazi hiyo. Ile bizari na ile ndimu alijifunza jikoni kwa bibi. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni saa alizonazo.

Hoja ya shangazi naijua, nami siidharau. Aliondoka Unguja akiwa mtoto, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Alikuja kukaa Ruwais, mtaa uliokuwa zamani kijiji cha wavuvi nje ya ukuta wa Jeddah, na ameuona mji ukizidi kuumeza mtaa huo na majirani wakihama mmoja baada ya mmoja. Mtu aliyepoteza nyumba hushikilia chungu. Wala sisemi kwamba pilau iondoke siku ya Idi ili sandwichi ikae mahali pake.

Lakini tuangalie alitumia nini kukilinda chakula. Alitumia Kiswahili, ili watoto wasifahamu. Ni nyumba ngapi za kwetu, Jeddah, Riyadh, Muscat au Dubai, ambamo lugha ya wazee imegeuka pazia? Kwa Kiswahili twazungumza siri, madeni, maradhi na posa zilizokataliwa. Kwa Kiarabu twawaambia watoto wale, wasome, walale. Kisha twalalamika kwamba kizazi hiki hakijui asili yake, ilhali sisi ndio tuliowafungia mlango. Mantabali aliyeyasahau anaweza kufundishwa kwa jioni moja. Lugha haifundishwi kwa jioni moja.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: sandwichi ibaki, na Kiswahili kirudi mezani. Biriani huwezi kumkabidhi mtoto wa miaka saba, lakini sandwichi waweza. Mpe mkate aujaze. Mwambie, "Lete kotmiri," "Kamua ndimu," "Koroga kima isishike chini." Maneno matatu au manne kwa usiku mmoja yatosha. Kisha mikate ipangwe katika sinia moja, watu wakae pamoja walizunguke, asiwepo wa kuondoka na sahani yake chumbani.

Alhamisi ya tatu bibi mwenyewe alipiga simu. "Mwanangu, njoo na ile mikate yako." Alikuja, na watoto wake wakaja. Shangazi hakuomba radhi. Wakubwa wetu hawana mazoea hayo. Alileta bakuli la chatini ya ukwaju, akaliweka kando ya trei. Mtoto mdogo alipomuuliza kwa Kiarabu hiyo ni nini, alichovya kipande cha mkate, akampa, akamwambia:

"Ukwaju. Sema: ukwaju."