Mnasifia injini, giaboksi inalia

Wadau, leo mnivumilie. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya magari. Najua kuna watakaosema, "Huyu naye, ripota wa mahakamani, spana kaishika lini?" Sawa, sijaishika. Lakini Jumamosi iliyopita jioni nilikuwa kilimani Salasala, nimebeba jiwe kwa mikono miwili, nakimbia nyuma ya tela lililokuwa linarudi chini taratibu, natafuta tairi la kulitilia. Mita kama kumi chini ya tela alikaa mama mmoja na karai lake la mihogo ya kukaanga, pembeni yake watoto wawili. Mtu akishapitia hapo, naona ana haki ya kusema neno.

Nianze mwanzo. Mjomba wangu wa Mbagala anakodisha muziki wa shughuli. Harusi, kichen pati, ubarikio, hata misiba ya wenye uwezo. Spika, jenereta, taa, nyaya, vyote vinapanda kwenye tela la matairi mawili alilochongewa na mafundi wa kuchomelea hukohuko Temeke. Kwa miaka mingi alilivuta kwa pikapu ya Land Cruiser ya zamani, mkonga, injini 1HZ. Gari halina haraka hata kidogo. Tulikuwa tunamtania, "Mjomba, unaenda harusini au unasindikiza jeneza?" Tena mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote.

Mwaka jana akaiuza. Akanunua dabo kebini ya mtumba, otomatiki, inang'aa, ina hospawa za kumtajia kila jirani. Kijiwe kizima kikampongeza. Hakuna aliyeuliza giaboksi yake ni ya aina gani. Hakuna aliyeuliza ilitengenezwa kuvuta kilo ngapi. Waliuliza CC, wakauliza kasi, mmoja akauliza kama redio inasoma fleshi.

Jumamosi hiyo tulitoka Mbagala mchana kweupe. Kilwa Road, Mandela, Mwenge, Bagamoyo Road... mnaijua foleni, sina haja ya kuisimulia. Tumefika kilima cha Salasala, jua linazama, MC anapiga simu kila dakika mbili. Katikati ya mlima injini ikaanza kuunguruma kama inakwenda Dodoma, na gari haliendi popote. Mjomba anakanyaga mafuta, mshale unapanda, gari limesimama. Halafu likaanza kurudi. Breki za pikapu zilishika, lakini matairi yakateleza kwenye changarawe kwa sababu tela lilikuwa linavuta kwa nyuma, na tela lenyewe halina breki hata moja. Tuliweka mawe. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mihogo ilimwagika, tukalipa.

Na unajua kijiwe kilisema nini Jumapili asubuhi? "Ilimpasa anunue V8."

Jamani!

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Bongo gari ni jina na namba. V8 imekuwa cheo, kama shangingi lilivyokuwa cheo. Ukimwambia mtu gari lako ni silinda nne anakutazama kwa huruma. Lakini kuvuta mzigo hakuangalii cheo. Kunaangalia vitu viwili: nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi wa vitabuni wanaiita torki, na giaboksi inayoweza kuifikisha nguvu hiyo kwenye matairi bila yenyewe kufa.

Torki mmeiona, hamkujua jina tu. Fundi akikuta nati imeganda, anachukua bomba, analichomeka kwenye mkia wa spana ili spana iwe ndefu, anajitundika. Nati inaachia. Yeye hajaongeza misuli, ameongeza torki. Hospawa ni hesabu nyingine: ni torki ukiizidisha kwa kasi ya mzunguko. Ndiyo maana injini ndogo ya petroli inayopiga kelele inaweza kuwa na hospawa nyingi, na bado ikashindwa kung'oa tela kilimani. Dizeli inakupa torki yake chini, kwenye mizunguko elfu moja na nusu, elfu mbili kwa dakika, pale pale unapoihitaji.

Sasa tizameni ile 1HZ tuliyoicheka. Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, hospawa kama 130 tu. Torki yake ni kama Nm 285, na inafika kileleni kwenye mizunguko kama 2,200. Kidogo, eeh? Lakini injini haigusi barabara. Tuseme, kwa hesabu rahisi, gia namba moja inazidisha mara nne, na difu inazidisha tena mara nne. Hiyo ni mara kumi na sita. Nm 285 zinafika kwenye matairi zikiwa 4,560, ukiacha zinazopotea njiani. Weka gia namba tano ambayo badala ya kuzidisha inapunguza, tuseme 0.8, zinabaki 912. Injini ileile, mguu uleule, mlima uleule. Aliyeamua ni giaboksi. Wale wabeba mkaa wa baiskeli wanaotoka Kisarawe wanaijua hesabu hii kwa miguu yao: baiskeli haina gia, wakifika kilimani wanashuka na kusukuma.

Mnabisha? Basi msinisikilize mimi, sikilizeni viwanda. Hilux ya lita 2.8, tangu ilipoboreshwa mwaka 2020, inatoa Nm 500 ukiinunua otomatiki. Ukiinunua manyuali, injini ni hiyohiyo, lakini kiwanda kinaishusha hadi 420. Yaani Nm 80 zinabaki kiwandani. Wamarekani, wenye mapikapu makubwa ya kuvuta farasi na maboti, wamefanya hivyohivyo. Ram ya mwaka 2018, Cummins ya lita 6.7: ukichukua manyuali unapewa kama Nm 895, ukichukua otomatiki ya kawaida unapewa kama 1,085. Kulikuwa na nyingine ya juu yao, yenye takriban Nm 1,261, na hiyo ilifungiwa giaboksi ya kazi nzito ya Aisin. (Aisin ni wa ukoo wa Toyota. Mmarekani na bendera yake yote, kwenye mlima anamtegemea Mjapani.) Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa manyuali kwenye Ram hizo.

Kwa hiyo waliotengeneza injini ndio hao hao wanaoibana kwa kuihurumia giaboksi. Sisi tunafanya nini? Tunapeleka 1HZ kwenye gereji bubu, tunafungiwa turbo ya kuokoteza, tunaongeza mafuta kwenye pampu hadi moshi unakuwa mweusi tii, tunashangilia. Klachi pleti ni ileile. Giaboksi ni ileile. Rejeta ni ileile, tena imezibwa nusu. Mwezi wa tatu gari liko juu ya mawe Tandika na mwenye gari anamlaumu mchawi.

Na huu wimbo wa "otomatiki haifai milimani" nao tuuache, maana takwimu hizo hapo juu zinaukataa. Otomatiki iliyotengenezwa kwa kazi inafaa kuliko nyingi za kukanyaga klachi. Shida ni otomatiki ya kupelekea watoto shule kuvalishwa kazi ya punda. Ndani ya otomatiki injini inasukuma mafuta kwenye kidude kinachoitwa konveta, na mafuta hayo ndiyo yanayoizungusha giaboksi. Ukivuta mzigo mzito mwendo wa kobe, konveta inateleza, na kuteleza kunazaa joto. Joto linaunguza mafuta, mafuta yaliyoungua hayashiki, pleti za ndani zinalika, zinateleza zaidi, joto linaongezeka. Saa tatu za foleni ya Mandela na tela nyuma, halafu mlima. Mjomba aliipika giaboksi yake kama anavyopikwa kongoro, taratibu.

Halafu kuna kile kitufe. Wenye Surf na otomatiki nyingine za zamani za Kijapani mnakijua, kipo kwenye mkono wa gia, ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka. Nimeuliza watu saba wiki hii. Mmoja kasema ni cha kubana mafuta. Mwingine kasema ukikigusa unaua gari. Mwingine, mwenye digrii, kasema kinahusu kiyoyozi! Kazi yake ni kuizuia giaboksi isiingie gia ya mwisho, ile nyepesi. Ukivuta mzigo kilimani unakibonyeza ili gari lisihangaike kupanda na kushuka gia kila sekunde huku likijiunguza. Kitufe cha bure kimekaa pale tangu gari litoke Japani, na hakuna muuza gari aliyewahi kumweleza mteja.

Na mimi ninayesema hivi siko safi. Miaka miwili iliyopita nilipelekwa kwenye uzinduzi wa pikapu moja, hoteli kubwa, sambusa za kumwaga. Nikarudi chumba cha habari na kipeperushi, nikanakili hospawa, nikanakili ukubwa wa kioo cha redio, nikaandika "lenye nguvu za ajabu". Sikuuliza linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Mhariri naye hakuuliza. Kurasa zetu za magari ndizo zinazokifundisha kijiwe, kisha tunakicheka kijiwe.

Na kuhusu hiyo V8 ya Jumapili. Pikapu ya Land Cruiser 79 yenye V8 ya dizeli ya lita 4.5 inatoa Nm 430 (msiichanganye na V8 ya waheshimiwa yenye turbo mbili, hiyo ni habari nyingine). Ile silinda nne ya lita 2.8 ambayo Toyota sasa wanaifunga kwenye pikapu hiyohiyo, pamoja na otomatiki ya gia sita, inatoa 500. Silinda nne! Kijiwe hakijanijibu hadi leo.

Lakini hata Mjomba angepewa hiyo 2.8 bure, bado ningebeba jiwe. Kwa sababu ya tela. Kwa vipimo vya Australia, Hilux ya dizeli ya foo wili na Land Cruiser 79 zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, ila tela liwe na breki zake. Halina breki? Kilo 750. Basi. Kutoka tani tatu na nusu hadi robo tatu ya tani, na injini haijaguswa. Usiku ule tulipiga hesabu ya mzigo wa Mjomba kwa kikokotoo cha simu, kitu kimoja kimoja. Ilizidi tani moja na nusu.

Maana mlima una pande mbili. Kila kilo mia za mzigo, kwenye mteremko wa asilimia kumi, zinakusukuma kwa uzito wa kilo kumi. Tani moja na nusu ya Mjomba inasukuma kwa kilo 150, kabla hujahesabu pikapu yenyewe. Waulizeni waliowahi kushuka Kitonga, njia ya Iringa, wakanusha harufu ya breki za lori lililo mbele. Na bado kuna madereva wanaotoa gia na kuachia nyutro mteremkoni eti wanabana mafuta. Wanaikatisha giaboksi na matairi, wanabaki na breki peke yake kushika kila kitu. Gia namba mbili ingewashikia nusu ya kazi. Tena dizeli kwa asili haishiki sana mteremkoni, kwa sababu haina kizibo cha kubana hewa inayoingia kama petroli, ndiyo maana magari mazito hufungwa breki ya eksozi. Mapikapu ya Marekani wanayo. Sisi tuna tuvibao twa "Mungu yupo nasi" kwenye bampa.

Najua jibu lenu: "Hela iko wapi?" Swali zuri. Mjomba hana hela ya pikapu mpya, na mimi ndiyo kabisa. Lakini rejeta ndogo ya kupoza mafuta ya giaboksi si bei ya gari. Kubadilisha mafuta hayo kabla hayajawa meusi si bei ya gari. Breki za tela, mchomeleaji aliyelichonga angezifunga mwanzoni kama kuna mtu angemwambia. Safari mbili badala ya moja ni dizeli ya elfu kadhaa. Hela tulikuwa nayo. Tulinunulia rimu.

Jumatatu nilimsindikiza Mjomba kwa fundi Tandika. Fundi akachomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akakinusa, akanipa na mimi. Kinanuka maharage yaliyoungua. Rangi ya kahawa. "Mwandishi," akaniambia, "hii haijaharibika juzi. Imekuwa inalia muda mrefu, bosi wako alikuwa anaongeza redio."

Bei ya giaboksi aliyoitaja siiandiki hapa, shangazi anasoma.

Mjomba alikaa kimya njia nzima ya kurudi Mbagala, tukiwa kwenye daladala. Tulipofika Rangi Tatu akanitaka simu, akampigia yule bwana aliyemuuzia ile mkonga. Akamwomba amrudishie, hata kwa kuongeza kidogo. Yule bwana akacheka kwa adabu, akamwambia yupo njiani, anavuta tela la matofali, hawezi kuongea sasa.