Wafu wa Sange Nao Walikuwa na Mahaba

Sinema ya Titanic, iliyotengenezwa na James Cameron mwaka 1997 na kutunukiwa tuzo 11 za Oscar, imetufikia baadhi yetu wa bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kwa kuchelewa. Na nilipoitazama kwa mara ya kwanza katika chumba cha video hapa Sange, niliwaona watu wazima, waliozoea misiba tangu utoto, wakifuta machozi kwa ajili ya kijana Jack na binti Rose, ambao hawakupata kuishi ila katika fikira za mtungaji.

Siyalaumu machozi hayo. Merikebu ya Titanic ilikuwako, na ghariki yake ni ya kweli: usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 watu zaidi ya 1,500 waliangamia katika Atlantiki, kwa kuwa mashua zake 20 za kuokolea zilikuwa na nafasi ya watu 1,178 tu, ilhali waliokuwamo walikaribia 2,200. Hesabu hizo mtu aweza kuzisoma na kope isitikisike. Lakini mtungaji atuonyesha mama wa daraja la tatu akiwalaza wanawe wawili na kuwasimulia hadithi kwa sauti tulivu, maji yakipanda, kwa kuwa amekwisha tambua kwamba hawatatoka. Na hapo hesabu hugeuka kuwa watu. Atuonyesha pia wazee wawili, mume na mke, wamekumbatiana kitandani, nao wana asili yao: Ida Straus alikataa kuingia mashuani na kumwacha mumewe Isidor, wakafa wote wawili.

Nasi tunayo maafa yetu. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa hapa, katika Barabara ya Taifa Namba 5. Wako waliokwenda na bidoni kuchota. Wako waliokuwa wameketi mbele ya televisheni, katika chumba mfano wa hicho nilichoketi mimi, wakitazama Kombe la Dunia lililochezwa Afrika Kusini. Moto ulipolipuka uliteketeza roho zaidi ya 230, na wengi, kwa kuwa sura zao hazikutambulikana, walizikwa pamoja katika makaburi ya halaiki. Ulimwengu uliwataja kwa idadi siku chache, kisha ukanyamaza. Hata sisi majirani, tukimkumbuka mmoja wao, aghalabu twamkumbuka kwa bidoni yake, kana kwamba hakuwa na mchumba wala mtoto, wala neno alilokuwa amekusudia kulisema kesho yake. Hiyo ni dhuluma juu ya msiba, na mimi siikubali.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Sange, Kiliba, Luvungi na Uvira, wenye kalamu na wenye kamera: nendeni kwa akina mama na akina baba waliofiwa, mkaketi nao kwa taadhima, mkawaulize marehemu wao walikuwa nani na walimpenda nani, na majina yaandikwe yote, wenye kuyakumbuka wangali hai.