Wino haujaisha, umekauka!

Jamani, leo tuziache siasa kidogo tuongelee printa. Ndiyo, printa! Maana ukiingia kwenye ofisi nyingi ndogo hapa Dar utaikuta ile ya wino imefunikwa kitambaa kama redio ya bibi. Ukiuliza unajibiwa, "Tunaibania bwana, wino bei mbaya." Halafu ile siku mtu ana barua ya maombi ya kazi na mwisho wa kupeleka ni saa tisa, inatoka na mistari myeupe. Anakimbilia Kariakoo kununua katriji mpya, ya zamani inatupwa na wino wake ndani.

Mimi nasema kuibania huko ndiko kunakoiua.

Kichwa cha printa kina mamia ya vitundu vyembamba kuliko unywele. Kwenye HP na Canon, wino hupashwa moto ghafla hadi unatoa povu, na povu hilo ndilo linalorusha tone kwenye karatasi. (Canon wanasimulia kwamba waliligundua hilo mwaka 1977, chuma cha moto cha kuunganishia waya kilipogusa sindano yenye wino, wino ukaruka!) Epson wao hawatumii moto, wana kipande kinachojikunja umeme ukipita. Lakini kote huko wino wa kawaida wa nyumbani ni maji kwa sehemu kubwa. Maji yakikauka kwenye kitundu, inabaki rangi iliyogandia kama uji kwenye sufuria.

Kwa hiyo toa japo ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Wino unaotumika hapo ni kidogo mno ukilinganisha na bei ya katriji.

Na kuna hii tabia ya kuzimia ukutani... Sote tunaogopa umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, sawa, lakini printa ina kitufe chake. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa na mpira, kama kalamu inavyowekwa kifuniko. Ukichomoa waya katikati ya kazi kinabaki uchi. Zima kwa kitufe, subiri inyamaze, ndipo uguse swichi ya ukutani. Umeme ukikatika wakati inachapa, ukirudi iwashe kisha uizime kistaarabu.

Ikishaziba, wengi hubonyeza ile programu ya kusafisha mara kumi mfululizo. Ala! Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na sponji hiyo ikihesabiwa imejaa kuna printa zinagoma kabisa. Safisha mara mbili tatu, ikigoma iache saa kadhaa.

Kama katriji yako ina kichwa chake (HP na Canon nyingi za bei nafuu ziko hivyo), itoe, iweke kichwa chini juu ya tishu iliyoloweshwa maji vuguvugu yaliyochujwa kwa mvuke, dakika mbili hivi, kisha igandamize taratibu kwenye tishu kavu mpaka uone rangi zikitoka. Maji ya kisima yenye chumvi hapana, pini hapana, na usishike ile sehemu ya shaba. Epson kichwa kimo ndani ya mashine yenyewe, kikiharibika gharama yake inaweza kukaribia printa mpya. Muulize muuzaji hili kabla hujatoa hela, wengi tunauliza bei tu.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na mafundi wa kujaza wino. Kosa ni kungoja katriji ikauke kabisa ndipo uipeleke, wakati vile vichwa vya moto hupozwa na wino huo huo. Ukichapa bila wino unakiunguza.

Wenye viwanda nao si malaika. Wanakuuzia mashine kwa bei poa, faida wanaichota kwenye wino. Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliiambia Lexmark kwamba ikishauza katriji, haiwezi kutumia hataza yake kumzuia mtu kuijaza na kuiuza tena. Epson walianza kuuza printa za matangi Indonesia mwaka 2010, ambako watu walikuwa wameshajifungia matangi yao wenyewe. Hizo zimeshusha bei ya wino kweli, ila kichwa chake nacho kikilala kinakauka vile vile.

Sasa kama wewe unachapa kurasa mbili kwa mwezi, printa ya wino ya nini? Nunua ya leza nyeusi na nyeupe, ile inatumia unga na unga haukauki. Au chukua flashi yako uende steshenari ya jirani, mashine yao inafanya kazi kutwa nzima.