Likizo kubwa Uvira: mashua za Kigoma zilete na riwaya

Shule zimefungwa, na hadi Septemba watoto wa Uvira wako nyumbani. Wengine watasaidia mama zao kuanika ndagala, wengine watauza mandazi barabarani, wengine watashinda na simu. Ni wachache watakaoshika kitabu cha hadithi. Ukiwauliza wazazi, jibu ni lile lile: vitabu havipatikani, na vilivyopo vinasema mambo ya watu wengine.

Nusu ya jibu hilo ni kweli, kwa sababu vitabu ni haba. Nusu ya pili si kweli, na riwaya nne zinatosha kuonyesha hivyo.

Ya kwanza ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili na ikatoka Dar es Salaam mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara kuelekea bara. Misafara kama huo ndiyo iliyoleta Kiswahili hadi ufuko huu wa Tanganyika.

Anayependa upelelezi atafute Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba. Si kitabu kipya, lakini kwa kijana ambaye hajakisoma ni kipya: mpelelezi Willy Gamba anatumwa Kinshasa, na mtu hawezi kukiweka chini kabla ya kufika mwisho.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka Kenya mwaka 2014, ni ya huzuni zaidi. Ridhaa anapoteza familia yake katika fujo za baada ya uchaguzi na kujikuta kambini. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi. Aliyepita njia hiyo hahitaji kuelezwa Ridhaa ni nani.

Ya nne ni ya Kifaransa, kwa wanafunzi wa sekondari: Petit pays ya Gaël Faye, ya mwaka 2016. Mtoto Gabriel anaishi Bujumbura, mji ambao taa zake zinaonekana usiku kutoka Uvira, na vita vinaanza kuingia polepole hadi katika mtaa wao.

Kuna watakaosema Kiswahili cha Tanzania na Kenya ni kigumu. Ni kweli, kurasa za kwanza zinasumbua. Lakini watoto hao hao wanaimba nyimbo za Bongo bila mkalimani. Dada mkubwa akisoma kwa sauti jioni, na wadogo wakiuliza maana ya maneno, kufikia sura ya tatu maswali yatapungua.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, mtoto wa Uvira anaweza kumaliza sekondari bila kusoma hata riwaya moja kwa lugha anayoota nayo. Hapo serikali ina deni, na shule pia. Lakini wazazi wakisubiri deni hilo lilipwe, likizo itaisha, na nyingine baada yake.

Ziwa liko mlangoni. Wafanyabiashara wanakwenda Kigoma na kurudi na mizigo. Kitabu kimoja ndani ya mzigo hakizamishi mashua. Familia tano za avenue moja zikichanga, kila moja franka kidogo, zinapata riwaya moja ya kuzunguka nyumba hadi nyumba kabla ya Septemba.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba. Watoto waliouona usiku ule wanakuwa vijana sasa. Wasipoona jinsi wengine walivyoandika habari za kwao, watajifunza wapi kuandika za Mulongwe?