Mambo? Arafa Moja kwa Wiki Dhidi ya Saratani Kajiado



Leo naweka kando habari za seva na lugha za programu. Au tuseme siziweki kando kabisa, maana nitakayosema yanawahusu hasa wale wanaokesha wakiandika programu. Vijana wa hapa Kitengela wanaotoka vyuoni huniuliza mara kwa mara: "Kaka, kwa nini tusitengeneze programu ya simu ya saratani? Yenye picha, ramani, akili mnemba na kila kitu?"

Jibu langu ni hili: kwanza tutume arafa. Neno moja tu. Halafu awepo mtu wa kusoma jibu.

Nieleze.

Tatizo liko wapi?

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC), mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Kwa kina mama, ya titi na ya mlango wa kizazi ndizo zinazoongoza. Kwa wanaume ni ya tezi dume. Ya koo la chakula haibagui, inachukua wote.

Wengi wetu tulishtuka Julai 2019. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Siku tatu baadaye, tarehe 29, gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote saratani, wote ndani ya mwezi mmoja. Nchi nzima ikazungumza. Lakini hao walikuwa watu wenye uwezo wa kupanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo. Sasa mfikirie mama wa Mashuuru aliyegusa uvimbe kwenye titi akioga.

Hatua zake ni hizi. Amwambie mtu. Aende zahanati. Apewe barua ya kwenda hospitali kubwa, Kajiado au Kitengela. Atolewe kipande cha uvimbe kipelekwe maabara. Arudi kuchukua majibu. Aende Nairobi. Aanze dawa, arudi kila baada ya wiki kadhaa kwa miezi. Akihitaji mionzi, kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, na lazima apate mahali pa kulala.

Sisi watengenezaji wa tovuti tunaijua hali hii vizuri. Ukiwa na duka la mtandaoni, kila ukurasa unaomlazimisha mteja kubonyeza tena unakupunguzia wateja. Wanaacha njiani. Safari ya saratani ina kurasa nyingi kuliko duka lolote, na kila ukurasa una nauli, foleni na aibu yake. Tofauti ni kwamba anayeacha duka amekosa viatu tu. Anayeacha hapa anarudi baada ya mwaka, uvimbe ukiwa umesambaa.

Kwa hiyo tatizo la kwanza ni watu kupotea njiani. Ukosefu wa habari unakuja baadaye. Sasa niambieni, programu yenye picha nzuri inamrudishaje njiani mtu ambaye hata hajaifungua?

Jibu lilijaribiwa hapa hapa kwetu

Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na dunia nzima inaijua hadithi hiyo. Lakini Mei mwaka huo huo kulianza jambo jingine ambalo hata watu wa Kajiado wengi hawalijui. Watafiti waliwaandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, katika kliniki tatu: mbili Nairobi, na ya tatu hapa Kajiado. Utafiti uliitwa WelTel Kenya1.

Nusu ya wagonjwa walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walitumiwa arafa moja kila wiki kutoka kliniki. Ilisema: "Mambo?" Basi. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliotumiwa arafa, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Waliofanikiwa kupunguza virusi mwilini hadi visionekane kwenye kipimo walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazameni uzuri wa kazi hiyo kwa macho ya fundi. Haihitaji intaneti. Inafanya kazi kwenye kasimu ka tochi. Ujumbe hautaji ugonjwa, kwa hiyo mume au mtoto akiishika simu haoni siri yoyote. Na kunyamaza pia ni jibu. Programu nyingi tunazotengeneza humhesabu mtu aliyenyamaza kuwa hayupo. Ile ilimhesabu kuwa anahitaji kupigiwa.

Najua mtasema, "Lakini huo ni ukimwi, hii ni saratani." Kweli. Basi twende New York, hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Huko wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa, waliokuwa kwenye matibabu ya dawa, waligawanywa kwa kura. Baadhi yao walijaza kwenye tovuti jinsi wanavyojisikia: kichefuchefu, maumivu, uchovu, kukosa pumzi. Dalili ikizidi, muuguzi alipata barua pepe. Matokeo ya mwaka 2017: waliokuwa wakijaza waliishi miezi 31.2 kwa kipimo cha kati, na wengine miezi 26. Miezi mitano zaidi, kwa sababu ya fomu na muuguzi anayeisoma. Zipo dawa za bei ya kutisha ambazo haziongezi miezi mitano.

Kikundi je?

Muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Hapa ndipo wagonjwa wenyewe wanapoingia.

Nina shangazi aliyetibiwa saratani ya titi. Yuko kwenye kikundi cha WhatsApp cha kina mama wa Kitengela, Isinya na vijiji vya huku Mashuuru waliopitia hayo hayo. Kwa ruhusa yake naeleza wanayoulizana. Kucha zimekuwa nyeusi baada ya dawa, ni kawaida? Chakula kina ladha ya chuma, wewe ulikula nini? Nani anashona titi la bandia la uzi? Nani ana jamaa Kahawa West wa kunilaza wiki mbili? Mume wangu amenyamaza tangu nikatwe, wako alifanyaje?

Maswali hayo daktari hana nafasi ya kuyajibu, naye hajalala nayo usiku wa manane. Aliyepitia anayajibu kwa dakika mbili. Tena wengi hawaandiki, wanarekodi sauti. Mama asiyejua kusoma anasikiliza sauti ya mwenzake kwa Kimaasai chao na anajibu. Nyinyi mnaosema watu wa mashinani hawako tayari kwa teknolojia, njooni msikilize.

Kwenye simu wanaonana watu ambao kijijini wasingeonana, maana kila mmoja alidhani yuko peke yake. Wapo pia wanaofanya kazi hii ana kwa ana, kama Faraja Cancer Support Trust iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010. Lakini Nairobi ni mbali ukiwa umetoka kutapika.

Sumu iliyomo

Tusidanganyane. Simu hiyo hiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa "sambaza kwa watu ishirini" kwamba majani ya mstafeli yanaponya saratani, au soda ya kuokea, au maji ya limau moto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kumponya binadamu saratani. Mtu akikunywa majani huku akiendelea na matibabu, amwambie daktari wake, maana mitishamba mingine hugongana na dawa. Akiyanywa mahali pa matibabu, anaupa uvimbe muda, na muda ndio kitu pekee uvimbe unachohitaji.

Ndiyo maana nasema kikundi bila kanuni ni hatari. Katika kikundi cha shangazi kanuni ni tatu. Hakuna kuuza dawa. Hakuna kumwambia mwenzako aache matibabu. Na aliye kwenye matibabu ya dawa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, haulizi kikundini, anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu kinga yake iko chini na maambukizi yanaweza kumuua.

Na sisi tulio wazima

Nisipite bila kugusa hili, maana wengi mnaosoma hapa mnashinda mmeketi mbele ya kompyuta kama mimi.

Chai yetu ya maziwa tunaipenda ikiwa inachemka. Mwaka 2016 IARC ilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Chai yenyewe haina kosa. Ngoja dakika chache tu. Ugoro ambao wazee wetu wanauweka puani na mdomoni ni tumbaku, na tumbaku isiyovutwa inasababisha saratani pia. Pombe vilevile.

Wasichana: chanjo ya HPV ilianza kutolewa na serikali Oktoba 2019, ikianzia kwa wenye umri wa miaka 10. Inazuia aina za virusi zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Kina mama: Shirika la Afya Duniani linashauri kupimwa mlango wa kizazi kuanzia miaka 30, na kuanzia 25 kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi. Wanaume, mkojo unaokatika katika au damu kwenye choo si "uzee tu".

Tufanye nini basi?

Haya ndiyo maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

1. Kila kliniki ya saratani itume arafa moja kwa wiki kwa kila mgonjwa. Hata tukihesabu shilingi moja kwa arafa, ni shilingi 52 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Nauli ya safari moja ya Nairobi inazidi hapo. Gharama halisi ni mshahara wa anayepiga simu, na hiyo ndiyo ipangiwe bajeti kabla ya kununua kompyuta yoyote.

2. Salamu ilingane na mtu. "Mambo?" kwa kijana ni sawa. Kwa mzee wa miaka sabini ni utovu wa adabu. Kwa mama wa Kimaasai "Takwenya" inamfikia zaidi, naye atajibu "Iko".

3. Programu ikubali majibu ya watu jinsi yalivyo. Watu wataandika "swa", "poa", "niko poa tu", "Mungu ni mwema". Jibu lolote ambalo mashine haikulielewa lihesabiwe kuwa "Shida" na mtu apige simu. Ni afadhali kumpigia mzima kumi kuliko kumwacha mgonjwa mmoja.

4. Siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Majina na namba za wagonjwa zisikae kwenye faili la lahajedwali linalotembea kwenye barua pepe za watu. Anayeingizwa kikundini aulizwe kwanza.

5. Kikundi kiwe na mwuguzi mmoja angalau, hata akiingia mara mbili kwa wiki, wa kuzima uvumi mapema.

Hayo yote fundi mmoja anaweza kuyaandika kwa wiki mbili. Hayatashinda tuzo yoyote ya ubunifu. Hakuna mwekezaji atakayepiga makofi. Na pengine ndiyo sababu karibu miaka ishirini baada ya Kajiado kuonyesha njia, bado tunaulizana ni programu gani mpya ya saratani tutengeneze.

Kama wewe unaandika programu na unasoma haya ukiwa Kajiado, Arusha au Muscat, tembelea kliniki iliyo karibu nawe. Usiende na wazo. Nenda umuulize muuguzi swali moja: wagonjwa wako wanapotelea wapi? Akikujibu, utakuwa umepata kazi ya kufanya.

Na wewe ambaye si fundi, yupo mtu unayemjua aliye kwenye matibabu. Huhitaji seva yoyote. Mtumie "Mambo?" leo. Asipojibu, mpigie.

Siku njema.