Kabla ya Kununua Kitabu cha Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama za Windows 10. Kompyuta yetu ya nyumbani, ambamo mama watoto huweka vipimo na madeni ya wateja wake wa ushonaji, haina uwezo wa kupokea Windows 11. Kijana wetu akashauri tuweke Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Mama yake akaridhia kwa sharti moja: “Nitafutieni kitabu. Sitaki kila nikikwama nimsubiri mtoto atoke shule.”

Sharti hilo ni la haki. Kompyuta ikigoma kuwaka, maelezo yaliyomo ndani yake hayamfai mtu. Kitabu kilichopo mezani kinasomeka.

Nikaenda kwa wauza vitabu vilivyotumika, nikarudi na kitabu kinene cha bei nafuu. Jioni ile akatazama picha za kitabuni, akatazama na kioo cha kompyuta, havikufanana. “Labda mimi ndiye nisiyefahamu,” akasema, akakifunga.

Kosa lilikuwa langu. Kitabu kilieleza Ubuntu 12.04, na namba hiyo ni tarehe: Aprili 2012. Wakati huo Ubuntu ilitumia sura iitwayo Unity. Tangu toleo la 17.10, yaani Oktoba 2017, ilirejea kwenye sura ya GNOME.

Hivyo basi, tambua aina mbili za vitabu. Kile kinachofundisha kwa picha za kioo hakina budi kulingana na toleo ulilonalo. Kile kinachofundisha misingi, kama vile mafaili, ruhusa na amri za kuandika, huzeeka polepole. Amri za ls, ya kuorodhesha mafaili, na cp, ya kunakili, zimekuwepo tangu Unix ya mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Katika aina hii ya pili kipo The Linux Command Line cha William Shotts, ambacho toleo lake la pili lilichapwa 2019. Kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, na mwandishi ameruhusu kipakuliwe bure, hivyo waweza kuchapa sura unazozihitaji tu. Aliyekwisha kuzoea atafaidika na How Linux Works cha Brian Ward, toleo la tatu, la 2021.

Ukiwa dukani, soma kwanza namba ya toleo na mwaka. Kisha fungua faharasa nyuma, utafute jambo moja linalokusumbua, mathalani printa. Usipoliona, kirudishe rafuni.

Sasa mama na binti yetu husoma pamoja, na kila amri wanayoielewa huiandika kwa Kiswahili katika daftari. Ukurasa wa kwanza unaeleza namna ya kunakili kumbukumbu za wateja kwenye flashi. Hayo tuliyatenda kabla ya kuugusa mfumo wa zamani. Nawe anzia hapo.