Kikombe cha Treni ni Suala la Taifa

Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya treni ya umeme kuanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, safari moja ilikatizwa njiani. Shirika la Reli Tanzania lilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu katika mfumo wa umeme. Wapo walioifanya habari hiyo mzaha. Sisi tunaona kwamba ilikuwa na somo ambalo wengi hawakulisikiliza.

Waya unaopita juu ya reli hiyo una nguvu ya volti 25,000, yaani zaidi ya mara mia moja ya umeme wa majumbani mwetu. Kinachouzuia umeme huo usishuke kwenye nguzo ni kihami, ambacho mafundi wetu wamezoea kukiita kikombe. Mnyama akigusa waya na chuma cha nguzo kwa pamoja, mwili wake huwa daraja, na kazi ya kikombe huwa imekwisha. Mitambo ya ulinzi hukata umeme, na treni husimama.

Vikombe vya namna hiyo viko pia juu ya paa la treni yenyewe. Hivyo ndivyo vinavyoubeba mkono unaopokea umeme kutoka kwenye waya na kuutenga na bati la paa, ambalo chini yake wameketi abiria. Kikombe cha nguzo hukaa mahali pamoja. Cha paani husafiri. Asubuhi hupata unyevunyevu wa chumvi wa Dar es Salaam, na mchana hupata vumbi la Dodoma. Chumvi na vumbi vikilowa, hufanya utando unaopitisha umeme, na cheche huweza kuruka kutoka juu hadi chini. Ndiyo sababu kikombe huundwa kwa miavuli mingi, ili njia ya umeme juu ya uso wake iwe ndefu.

Vikombe vya kaure ni vizito na huvunjika vikipigwa. Vya kisasa vina fimbo ya nyuzi za kioo iliyovikwa mpira wa silikoni usioshika maji. Lakini fimbo hiyo haifai kitu bila vifuniko vya metali katika ncha zake. Kifuniko hubanwa kikiwa baridi. Kikilegea, maji hupenya na fimbo huchomoka. Kikibanwa kupita kiasi, fimbo hupasuka ndani bila mtu kuona.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya kukamua metali baridi. Kipande cha chuma laini au alumini husukumwa na mashini yenye nguvu ya mamia ya tani kupitia kalibu ya chuma kigumu, bila kupashwa moto. Metali hutiririka na kufuata umbo la kalibu. Hutoka ikiwa ngumu kuliko ilivyoingia, uso wake laini, vipimo vyake sahihi, na mabaki yake machache kuliko yale ya kuchonga kwa kerezo. Waliosoma chuoni wanakijua kisa cha Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma. Sisi tumepewa akili na mashini, na hatuna udhuru.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: yanatuhusu nini haya? Sisi wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa gharama ya kiungo kimoja kilichoharibika. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme itokayo Bara. Tuliteka maji kwa shida, na biashara zikadorora kwa miezi mitatu.

Tunaandika haya tukiwa Kasekese, mkoani Katavi. Huku reli iliyopo ni ile ya Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na treni zake huvutwa na injini za dizeli. Mipango ya Serikali imetaja reli ya kisasa kupitia Mpanda hadi bandari ya Karema, Ziwa Tanganyika, ili kuchukua mizigo ya Kongo. Mkulima wa Kasekese anaingoja kwa hamu. Lakini kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000 za reli. Ikiwa kila kikombe kitakachopasuka kitabidi kiagizwe ng'ambo, kama treni zenyewe zilivyoagizwa Korea Kusini, basi mkulima huyo atakuwa anamngoja mwenye kiwanda asiyemjua.

Malighafi tunayo. Udongo wa kaolini, ambao ni msingi wa kaure, umejaa katika vilima vya Pugu, na treni ya umeme yenyewe hupita hapo. Vyombo vya utafiti na viwango tunavyo: Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na TIRDO tangu mwaka 1979. Mashini inayokamua vifuniko vya vikombe yaweza pia kukamua boliti na viungo vya nyaya, hivyo haitalala njaa ikingoja reli peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wanaohusika mambo matatu. Kwanza, orodha ya vikombe vya reli, aina zake na muda wake wa kubadilishwa, ipelekwe kwa wenye viwanda wa nchini. Pili, mikataba ijayo imlazimishe mkandarasi kuwafundisha vijana wetu kutengeneza kalibu na kupima vikombe, badala ya kuwafundisha kuvifunga tu. Tatu, pawe na mahali pa kuvijaribu kwa umeme mkubwa, chumvi na vumbi letu wenyewe.

Kujitegemea hakuanzi na kutengeneza treni nzima. Nguzo za umeme hazijafika Mpanda bado. Muda huo wa kungoja utumike kuandaa kalibu, na wenye dhamana watueleze wananchi wamefikia wapi.